Kuarifiwa na Kukubali: Historia ya Kuwafikishia Wamiliki Mabadiliko ya Kanuni za Umiliki, Lemara na Eneo la Mlima Meru, 1900–2021

1.0 Utangulizi

Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo, Namba 16 ya mwaka 2008, iliingiza katika Tanzania Bara aina ya mmiliki ambaye sheria za ardhi zilizotangulia hazikumwekea nafasi. Mmiliki huyo ana nyumba yake ndani ya jengo lenye nyumba nyingi. Vyumba vyake ni vyake peke yake, lakini ngazi, paa, tangi la maji, ukuta wa nje na uwanja wa kuegesha magari anavimiliki pamoja na majirani zake. Kwa kuwa vitu hivyo ni vya wote, kanuni za kuvitumia na kuvichangia nazo hutungwa na kubadilishwa na wote. Hapo ndipo linapozuka swali la insha hii: kanuni inapobadilishwa, mmiliki hupataje habari, na habari hiyo humfikia kabla ya uamuzi kutolewa au baada yake?

Swali hili kwa kawaida huachiwa wanasheria na mameneja wa majengo. Insha hii inalitazama kihistoria, kwa kuchukua Lemara na eneo la Mlima Meru kuwa mahali pa uchunguzi. Lemara ni kata ya Jiji la Arusha iliyo kusini mwa katikati ya mji, katika ardhi ambayo Waarusha waliilima na kuchungia mifugo kabla mji haujaifikia. Kwa hiyo ni mahali ambapo taratibu kadhaa za umiliki zimekutana juu ya udongo uleule: shamba la ukoo, kiwanja kilichopimwa, nyumba ya kupanga na, katika mji unaoizunguka, nyumba ya ghorofa inayouzwa sehemu kwa sehemu.

Hoja inayotetewa ni kwamba, kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini, mamlaka zilizotawala eneo hili zilichukulia kumwarifu mmiliki kuwa ni kumtangazia jambo lililokwisha kuamuliwa. Sheria ya mwaka 2008 ilikusudia jambo tofauti, yaani kumwita mmiliki kwenye uamuzi wenyewe. Hata hivyo, desturi ya kutangaza ni ya zamani kuliko sheria hiyo, na ugumu wa kuwafikishia wamiliki wa sehemu za majengo mabadiliko ya kanuni unaeleweka vema zaidi ukitazamwa kuwa ni urithi wa desturi hiyo.

2.0 Kanuni iliyojulikana kwa kuhudhuria

Maelezo ya kina zaidi kuhusu namna Waarusha walivyoamua mambo yao kabla ya uhuru yanapatikana katika kazi ya mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, aliyefanya utafiti miongoni mwao katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1963. Gulliver aliikuta jamii isiyokuwa na hakimu katika taratibu zake za asili. Migogoro ya mipaka, mifereji ya maji na urithi wa mashamba ilipelekwa kwenye mikutano ya wazi, ambako ukoo na rika la kila upande vilimsindikiza mtu wao, na malaigwanani wakaongoza majadiliano hadi pande zote zikafikia mapatano. Mkutano wa namna hiyo, ambao katika lugha ya Kimaa huitwa enkiguena, haukuwa na karani wala tangazo la kubandikwa.

Kwa mtazamo wa insha hii, jambo la kuzingatia ni kwamba katika utaratibu huo kuamua na kuarifu vilikuwa tendo moja. Aliyefungwa na mapatano aliyajua kwa sababu alikuwapo yalipofikiwa, au kwa sababu baba, kaka au mtu wa rika lake alikuwapo na angeweza kuulizwa. Mapatano yalikuwa na nguvu kwa kuwa waliohudhuria walikuwa mashahidi wake.

Hata hivyo, utaratibu huu haupaswi kupambwa kupita kiasi. Wanawake, ambao kazi yao ndiyo iliyoendesha sehemu kubwa ya kilimo cha migomba na mahindi, hawakuwa wasemaji katika mikutano hiyo. Vijana walisubiri zamu ya rika lao, na mgeni asiye na ukoo mlimani hakuwa na wa kumsindikiza. Kuhudhuria kulikuwa njia thabiti ya kupata habari kwa yule aliyekuwa na haki ya kuhudhuria. Wengine walizipokea kwa mkono wa pili, na kikwazo hicho kitaonekana tena katika majengo ya leo, ambako mpangaji anaishi ndani ya kanuni ambazo hakualikwa kuzijadili.

3.0 Boma, baraza na amri kutoka juu

Ujenzi wa boma la Wajerumani mjini Arusha mwaka 1900 uliuweka uamuzi mahali pengine. Ardhi kubwa kuzunguka mlima iligawiwa walowezi, na mashamba yao yakawa mkanda uliowabana Waarusha na Wameru upande wa juu, chini ya msitu. Mabadiliko hayo ya umiliki yaliwafikia wenyeji yakiwa amri. Waingereza walipochukua utawala, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitamka kuwa ardhi yote ya Tanganyika ni ya umma, chini ya mamlaka ya Gavana. Sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa katika Gazeti la Serikali. Kwa mkulima wa mlimani lugha na gazeti vyote viwili vilikuwa mbali naye, lakini mbele ya sheria alihesabiwa kuwa amekwisha kuarifiwa.

Utawala wa Kiingereza ulitambua pengo hilo na ukajaribu kuliziba kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa maandishi ya Kiswahili, likiwamo gazeti la serikali Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923. Ya pili ilikuwa baraza. Chini ya utaratibu wa utawala wa wenyeji uliotungiwa sheria mwaka 1926, watawala wa jadi waliotambuliwa na serikali walipewa uwezo wa kutoa amri na kanuni kwa watu wao, na baraza likawa mahali pa kuzisoma. Kwa sura, baraza lilifanana na mkutano wa wazee: watu waliketi, wakasikiliza na pengine wakasema. Tofauti ilikuwa katika mpangilio wa wakati, kwani mara nyingi jambo lililoletwa barazani lilikuwa limekwisha kuamuliwa kwingine.

Tofauti hiyo ilidhihirika kwa uchungu upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, huko Engare Nanyuki. Tume ya Jaji Mark Wilson, iliyochunguza ardhi za Arusha na Moshi baada ya Vita Kuu ya Pili, ilipendekeza ubadilishanaji wa ardhi ambao ungewapa walowezi wa Kizungu eneo lililoungana kwa ajili ya ufugaji. Wameru waliokuwa wakiishi katika mashamba yaliyoorodheshwa kwa namba 31 na 328 walitakiwa kuhama na kupewa ardhi nyingine, hasa Kingori. Maofisa wa serikali waliueleza mpango huo, wakatangaza fidia na kutarajia utiifu. Wameru walikataa mpango na fidia pia. Mwezi Novemba 1951 uhamishaji wa nguvu ulianza, na takriban watu 3,000 wakaondolewa na nyumba zao kuharibiwa.

Kisa hiki kimesimuliwa katika kitabu cha Kirilo Japhet na Earle Seaton kilichotoka mwaka 1967, na kuchambuliwa upya na mwanahistoria Thomas Spear. Kwa kawaida kinasomwa kama sura ya historia ya utaifa, kwa kuwa Japhet alikwenda New York mwaka 1952 kulifikisha shauri mbele ya Umoja wa Mataifa. Baraza la Udhamini lilieleza kusikitishwa kwake, lakini azimio lililopelekwa kwenye Mkutano Mkuu halikupata theluthi mbili ya kura zilizohitajika. Kisa hiki kinaweza pia kusomwa kama mgogoro kuhusu maana ya kuarifu. Kwa serikali, mpango uliokwisha kuelezwa kwa wenyeji ulikuwa umetimiza wajibu wake kwao. Kwa Wameru, kuelezwa ulikuwa mwanzo wa mazungumzo, na kukataa kwao kulistahili kuwa jibu lenye uzito. Pande hizo mbili zilitofautiana juu ya ardhi, na vilevile juu ya uzito wa neno la mtu aliyekwisha kuarifiwa.

4.0 Redio, balozi na ofisi ya Msajili

Uhuru ulibadilisha walioamua na lugha waliyoitumia. Kiswahili kikawa lugha ya siasa na utawala wa kila siku. Katika miaka ya 1960 TANU ilianzisha mfumo wa nyumba kumi kumi, ambao balozi wake alikuwa mtu wa jirani, aliyefahamika kwa jina na aliyeweza kubisha hodi. Kwa upande wa kueneza habari, mfumo huu ulifika hadi mlangoni mwa kila kaya, na redio iliongeza kasi yake. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililopitishwa katika mji huohuo unaochunguzwa hapa, liliwafikia wananchi kwa redio, magazeti na mikutano ya chama.

Hata hivyo, mkondo wa habari uliendelea kushuka zaidi kuliko kupanda. Mfano ulio karibu zaidi na mada hii ni Sheria ya Kutwaa Majengo ya mwaka 1971. Mwezi Aprili mwaka huo, serikali ilijipatia uwezo wa kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yaliyokuwa yakipangishwa kwa ukamilifu au kwa sehemu. Wengi wa wamiliki walioguswa walikuwa raia na wakazi wa asili ya Kiasia katika miji. Fidia ilipungua kwa kadiri ya umri wa jengo, na jengo lililozidi miaka kumi halikulipiwa. Sheria ilitungwa na kuanza kutumika kwa haraka, kiasi kwamba kwa wamiliki wengi habari ya kubadilika kwa kanuni na habari ya kupoteza jengo zilifika pamoja.

Majengo hayo yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 1990, shughuli zake ziliunganishwa na zile za Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962. Katika utaratibu wa Msajili, mkaaji wa ghorofa alikuwa mpangaji wa serikali. Alisaini mkataba peke yake, na kodi au masharti yalipobadilika, alipokea taarifa peke yake. Ngazi na paa vilikuwa mali ya mwenye jengo, naye alikuwa mmoja. Wapangaji wa jengo moja hawakuwa na sababu ya kisheria ya kukutana ili kuamua jambo lolote, na utaratibu huo ulidumu kwa miongo kadhaa. Wakaaji wa mijini walizoea kuishi pamoja chini ya paa moja bila kulitawala pamoja.

5.0 Mmiliki kama mwanachama: sheria ya mwaka 2008

Mageuzi ya ardhi ya miaka ya 1990 yalirudisha swali la nani huulizwa. Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilizunguka nchini kati ya mwaka 1991 na 1992 ikisikiliza wananchi. Sera ya Taifa ya Ardhi ilifuata mwaka 1995, na mwaka 1999 zikatungwa Sheria ya Ardhi, Namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5. Lakini sheria hizi ziliendelea kumtazama mmiliki kwa kufuata kipande cha ardhi. Nyumba iliyo ghorofa ya tatu haina udongo wake, na mnunuzi wake alilazimika kutegemea mikataba ya upangaji wa muda mrefu au mipango mingine ya kibinafsi.

Suluhisho lililochukuliwa lilikuwa limekwisha kujaribiwa kwingine. Jimbo la New South Wales nchini Australia lilitunga sheria ya aina hii mwaka 1961, nayo ikaigwa kwa namna mbalimbali duniani. Kenya ilitunga yake mwaka 1987, Uganda mwaka 2001, na Zanzibar mwaka 2010. Katika sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 2008, ramani ya sehemu za jengo inaposajiliwa, wamiliki wote huwa wanachama wa umoja ulio mtu kisheria. Umoja huo unaweza kushitaki na kushitakiwa, husimamia maeneo ya pamoja, hukusanya michango na huongozwa na sheria ndogo zinazomfunga kila mmiliki na mkaaji.

Katika historia iliyoelezwa hapo juu, badiliko hili ni kubwa kuliko linavyoonekana katika lugha kavu ya sheria. Hapa mmiliki ni mwanachama mwenye kura miongoni mwa wale wanaobadilisha kanuni, jambo ambalo baraza la mkoloni wala ofisi ya Msajili havikumpa. Taarifa anayopelekewa kabla ya mkutano ni mwaliko, na kazi yake ni kumwezesha aje, atume mwakilishi au apinge. Taarifa inayofika baada ya mkutano, hata ikiandikwa vizuri kiasi gani, haiwezi kufanya kazi hiyo. Kwa maana hii sheria ya mwaka 2008 imerudisha, kwa njia ya karatasi na usajili, kanuni iliyokuwa hai katika enkiguena: anayefungwa na uamuzi awe na nafasi pale unapofanyika. Aidha, imeipanua, kwa sababu kiti katika mkutano wa wamiliki kinafuata hati. Mjane, kijana na mgeni kutoka mkoa mwingine wanakipata kwa haki sawa na mzee wa rika.

6.0 Vikwazo vilivyorithiwa

Umbali kati ya maandiko ya sheria na mazoea ya watu unaonekana katika mambo matatu.

Jambo la kwanza ni lugha. Sheria ya mwaka 2008 iliandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa sheria ya mwaka 1923. Marekebisho ya mwaka 2021 ya Sheria ya Tafsiri ya Sheria yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania, na kwa hatua hiyo pengo lililodumu kwa karibu karne nzima lilitambuliwa rasmi. Lakini sheria ndogo za jengo ni hati za faragha, na badiliko la lugha ya Bunge halizitafsiri zenyewe. Umoja unaowapelekea wamiliki kanuni mpya katika lugha ambayo baadhi yao hawaimudu unarudia, ndani ya jengo moja, kosa la Gazeti la Serikali la zamani.

Jambo la pili ni kutokuwepo kwa mmiliki. Mkutano wa wazee ulitegemea watu wanaoishi karibu, na balozi wa nyumba kumi alitegemea mlango wa kubisha. Mmiliki wa sehemu ya jengo anaweza kuwa Dar es Salaam au ng'ambo, huku nyumba yake ikikaliwa na mpangaji. Tangazo linalobandikwa kwenye lango humfikia mpangaji asiye na kura na kumkosa mwenye kura. Ukubwa wa tatizo hili umeonekana nchini Kenya, ambako sheria mpya ya mwaka 2020 iliwataka wenye mikataba ya zamani ya muda mrefu kuibadilisha ifuate utaratibu mpya katika kipindi cha miaka miwili. Hapo mabadiliko yalihusu hati yenyewe, na mmiliki asiyepata habari alikuwa hatarini kubaki na karatasi isiyotosha kufanyia muamala.

Jambo la tatu ni chombo cha habari. Ujumbe wa simu na makundi ya WhatsApp vimechukua nafasi ya ubao wa matangazo, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilikwisha kuutambua ujumbe wa kielektroniki kisheria. Faida ya njia hii ni kwamba humfikia mmiliki aliye mbali kwa dakika moja. Kasoro yake inaijirudia historia: ni rahisi kiasi kwamba kamati inaweza kuamua asubuhi na kutangaza jioni, kisha ikahesabu kimya cha wengi kuwa ridhaa. Kimya hicho hakithibitishi lolote. Mmiliki anaweza kuwa hakusoma, hakuelewa, au hakudhani kuwa anaulizwa. Jibu la Wameru mwaka 1951 lilikuwa wazi kabisa, na bado halikuhesabiwa. Itakuwa vigumu zaidi kutetea uamuzi uliojengwa juu ya kutojibu.

7.0 Hitimisho

Kati ya mwaka 2012 na 2022, idadi ya watu katika Jiji la Arusha iliongezeka kutoka 416,442 hadi 617,631 kwa mujibu wa sensa za miaka hiyo. Ongezeko la namna hii katika mji uliobanwa na mlima, mashamba na hifadhi linasukuma ujenzi kwenda juu, na kata kama Lemara, ambazo mashamba yake yamekuwa yakigeuka viwanja, zina kila sababu ya kutarajia umiliki wa pamoja wa majengo kuwa jambo la kawaida. Suala la namna kanuni zinavyobadilishwa litakuwa suala la makazi ya watu: kiasi cha mchango, haki ya kupangisha, matumizi ya maji, na katika hali mbaya zaidi, deni linaloweza kuihatarisha nyumba ya mtu.

Uchunguzi huu umeonesha kwamba eneo la Mlima Meru lina kumbukumbu za njia mbili. Katika njia moja, habari na uamuzi vilikuwa kitu kimoja kwa wale waliohesabiwa kuwa na haki ya kuwapo. Katika njia nyingine, iliyodumu kwa muda mrefu na kuacha mazoea yenye mizizi, uamuzi ulitangulia na habari ikafuata. Sheria ya mwaka 2008 imeichagua njia ya kwanza na kuifungua kwa kila mwenye hati, lakini utekelezaji wake uko mikononi mwa kamati, mameneja na wamiliki waliolelewa na njia ya pili. Kwa hiyo, mtafiti anayetaka kupima kama umoja wa wamiliki unafanya kazi asitosheke kuuliza iwapo wamiliki waliarifiwa. Achunguze tarehe ya taarifa dhidi ya tarehe ya uamuzi, lugha iliyotumika, anwani iliyopelekewa, na kumbukumbu ya waliopinga. Pale ambapo kumbukumbu hizo hazipo, saini ya mwenyekiti chini ya kanuni mpya inathibitisha kuwa jambo lilitangazwa, na haithibitishi zaidi ya hapo.